Viwavi Wameuvika Mti Wetu Hariri, Mume Anataka Kuuchoma

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya wadudu, na tafadhali usinicheke, maana hapa mjini Kiuruvesi nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi na mume wangu Tauno, na mbele ya nyumba tuna mti wa tuomi ambao kila mwanzo wa kiangazi huchanua maua meupe, lakini mwaka huu maua hayajamaliza hata kunyauka viwavi wakatokea, wadogo, rangi ya maziwa yaliyochacha, wana vidoa vyeusi mgongoni, wakala jani baada ya jani na huku wanafuma, wakafunika matawi, wakashuka shinani, wakafunika nyasi, mpaka baiskeli ya Tauno iliyoegemezwa pale ikavikwa utando kuanzia usukani hadi magurudumu, na sasa mti mzima hauna jani hata moja, unang'aa kama fedha, na jua la asubuhi likiupiga, mshauri, nashindwa kurudi ndani.

Aibu yangu ndiyo hiyo. Ninaupenda. Natoka na nguo za kulalia, nasimama chini yake, nasikia vinyesi vyao vikidondoka kwenye utando kama manyunyu, naupapasa ule utando, laini lakini haukatiki, na mimi niliyepokea watoto kwa mikono hii, nikadhani maajabu nimeshayamaliza, najikuta nanong'ona kama niko kanisani.

Jirani yetu Reijo ana mitufaha, naye amekuja uzioni kufoka: "Tauno! Hayo mashetani yako yakigusa matufaha yangu, mimi na wewe ujirani basi!" Tauno akaleta dumu la mafuta ya taa. Nikasimama mbele ya mti.

"Impi, sogea."

"Nichome na mimi basi."

"Wadudu wamekuroga, mke wangu?"

Sasa analala kwenye chumba cha sauna, tunakoogea mvuke, na ameapa kwamba mwaka huu moto wa sikukuu ya katikati ya kiangazi hatauwashia ziwani kama desturi, atauwashia hapahapa uani. Je, mimi ni mwendawazimu? Nifanye nini?

Impi

*

Impi, dada yangu,

Mwendawazimu si wewe. Mwendawazimu ni anayewasha mafuta ya taa hatua chache kutoka kwenye kuta za nyumba ya mbao. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia. Wasomaji wengine nao wasikie.

Hao ni watoto wa nondo mdogo mweupe mwenye vidoa vyeusi. Chakula chao ni tuomi, basi. Ukiwahamishia kwenye mtufaha wa Reijo watakufa njaa. Hawawashi, hawaumi. Karibuni watajifungia kwenye vifuko, watatoka na mabawa, na kabla kiangazi hakijaisha mti utaota majani mapya. Viwavi hawatauua. Moto utauua.

Mwambie Reijo kwamba mitufaha ina viwavi wake, wanaofanana na hawa kama ndugu. Akiona utando huko, akate kijitawi chote, akizamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Sumu aiache dukani, ndege watamsaidia. Baiskeli ipigwe ufagio.

Lakini wewe nawe! Kila asubuhi unakwenda kushangaa peke yako kama mwizi. Mumeo umemwambia "nichome", hujawahi kumwambia "njoo uone". Angejuaje?

Nilipokuomba unipe Tauno, alipokea kwa ukali: "Mama, usinifundishe mambo ya uani kwangu!"

"Sikufundishi. Nenda na simu hiyo, weka sikio shinani, kisha uniambie umesikia nini."

Alikwenda akinung'unika. Nikasikia nyasi, nikasikia pumzi zake, kisha simu ikisugua shina.

"Wanatembea," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Wote, chini ya utando. Kama maji yanapita. Mama… hivi nani kawafundisha?"

"Hakuna."

Nikamuuliza sasa moto atauwasha wapi.

"Utanipigia kesho," akasema. "Impi! Impi, njoo huku upande wa kivuli, njoo uone hawa!"

Akaniacha hewani, simu iko wazi, nikiwasikia wawili hao wakinong'ona.