Kopo Juu ya Kabati

Buzebazeba, Ujiji

Kaka Yasini,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa basi.

Kahawa uliyomtumia Baba ilifika, ile ya kopo inayotangazwa redioni. Nilimpa kikombe cha hiyo, na kingine cha kahawa tunayonunua Mwandiga, ile ya mfuko wenye jina la duka. Akaonja zote mbili. Akasema hiyo ya duka ni kama mahindi yaliyoungua, yako ndiyo kahawa. Kisha akalifunga kopo, akaliweka juu ya kabati.

"Hii nitainywa na Yasini akija."

Tangu siku hiyo akawa anakunywa mahindi yake yaliyoungua. Nikimbembeleza tufungue kopo, ananijibu kwa ukali. Hata aliposhindwa kuinuka kitandani, aliniuliza kama bado limejaa.

Jana watu waliorudi kutoka makaburini walikuwa wengi, na ile ya duka ikaisha. Nikalishusha kopo. Wamelimaliza, na wameisifu sana kahawa yako.

Usitume nyingine. Mimi ya duka inanitosha.

Mdogo wako,
Shadia