Nilimtandikia Kitanda Chini ya Waya Wake

Jumapili, asubuhi. Manyunyu tangu jana, mawingu mazito, paneli leo haitapata jua la maana. Lakini mimi roho yangu kwatu.

Nimelipiza.

Siku hizi maduka ya sola Bariadi yamejaa, na kila aliyeshika bisibisi anaitwa fundi. Fundi wetu ni Jilala, mdogo wake mume wangu. Alipotufungia taa hatukumuuliza kitu, si ndugu? Betri akaisukumia chini ya kitanda cha binti yangu Kija, waya akaupitisha juu ya kichwa chake.

Wiki iliyopita jioni Kija akaniita, "Mayu! Mama, njoo, kuna kitu kinanuka." Nikaacha ugali jikoni. Nikakuta plastiki ya waya inayeyuka, inadondokea chandarua. Kimetoboka, na tundu liko usawa wa mto wake wa kulalia.

Mpaka leo nikifumba macho naliona lile tundu.

Nilichomoa waya kwenye betri, nikapeleka kipande mjini. Muuza duka akakigeuzageuza, akasema huu ni waya wa spika za redio, mzigo huu hauuwezi. Halafu akauliza, fyuzi iko wapi? Akanieleza kwamba fyuzi hukaa karibu na betri, umeme ukizidi inakatika yenyewe kabla waya haujashika moto. Nikarudi nyumbani kuangalia. Penye fyuzi Jilala alikuwa amesokota uzi wa shaba.

Nikampigia. Akacheka. "Shemeji, hilo ni joto la bati tu. Wewe uliishia la nne, waya utanifundisha mimi?"

Mume wangu yuko Lamadi kwenye samaki. Aliniambia kwa simu nimsamehe, ni mdogo wake. Nikasema nimesamehe. Nilidanganya.

Jana nikamwalika Jilala. Nikampikia sato, akala akashiba, akasema ndiyo maana kaka yake hana shingo siku hizi. Nikacheka naye. Kisha nikasema, "Shemeji, leo unalala chumba cha Kija, yeye analala kwangu, nimeshakutandikia. Na waya wako nimeurudisha vilevile ulivyoufunga wewe."

Kicheko kikaisha.

Kwetu mgeni hakatai kitanda alichotandikiwa. Akaingia, na kabla ya kuangalia godoro akaangalia juu.

Kumbe alikuwa anajua. Siku zote.

"Shemeji, mimi hata jikoni nalala."

"Jikoni kuna moshi, baba. Lala hapa, ni joto la bati tu."

Akapiga magoti, akachungulia betri, akakuta waya umechomolewa; nilikuwa nimeuning'iniza juu tu, kumtisha. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akafungua mkoba wake, akatoa waya mnene, na fyuzi mpya, bado iko kwenye kipakiti chake.

Ilikuwa mkobani! Hilo limeniuma kuliko hata tundu. Angekuwa hajui ningemhurumia.

Nikamshikia tochi mpaka akamaliza. Uzi wa shaba akautoa, betri akaihamishia stoo penye dirisha, eti betri ya maji inatoa hewa mbaya, haikai chumba cha kulala. Ananifundisha! Nikamwambia wabeja, asante sana fundi. Hakuniangalia usoni.

Akalala pale. Asubuhi hii nimekuta shuka limejaa tope. Alilala na viatu, tayari kukimbia.

Kesho wanawake wa kikundi wanakuja kupalilia pamba yangu, na nyumba kadhaa za kwao kafunga huyuhuyu. Nitawaambia shambani, kwa sauti, kila mmoja amtandikie kitanda chini ya waya wake. Najua litamfikia. Ninataka limfikie.

Je, nimekuwa mbaya? Labda. Kija sasa hivi kaniuliza kama leo anarudi kulala kwake. Nimemwambia bado, mpaka baba mdogo alale pale bila viatu.

Jilala ametoka kuoga, anazunguka uani peku, anataka kuondoka, anatafuta.

Nimevificha.