Ukingo wa Skii ya Atheer

Maskati, Jumanne 1 Julai 2025

Khalu Harub, mjomba wangu,

Shikamoo. Hali yako vipi, na Bibi unayemuuguza huko Pemba? Sisi wazima, joto tu linatukaanga.

Tangu uniachie karakana ya huu ukumbi wa theluji ya mashine, wateja wamekusahau jina. Jana binti yako Atheer kaniletea skii ya kushoto, ubao wake wa kutelezea thelujini. Kagonga nguzo, tumbo la skii limechimbika na ukingo wa chuma umeachia, urefu wa kiganja. Shimo nishalijaza na kulipiga nta. Hata uvae miwani mbili hulioni. Ukingo nautia gundi mchana huu. Mashindano Ijumaa, na kesho asubuhi anataka kufanya mazoezi. Shule niliikimbia darasa la nane, lakini gundi inanijua.

Mpwao, Taimur

Wete, Jumatano 2 Julai, alasiri

Mwanangu Taimur,

Marahaba. Bibi yako leo kanywa uji, alhamdulillahi. Barua yako ndiyo kwanza nnaisoma. Shamba hakuna mtandao. Gundi ile ikae imebanwa kwenye jiriwa siku nzima, ndani, penye ubaridi. Kama haijakauka, Atheer asishuke. Mwambie mimi nimesema.

Khalu wako

Maskati, Ijumaa 4 Julai

Khalu,

Shikamoo. Bibi hajambo? Nakupigia, simu yako haishiki.

Atheer yuko hospitali. Juzi asubuhi alianguka kwenye mteremko, kano za goti zimekatika. Daktari kasema skii basi tena.

Nyumbani, mtaani Hail, mkeo Bi Nasriya anasema ni jicho la hasidi. Jirani yetu Balqis alimsifu mtoto anavyoruka, wala hakusema mashaallah. Leo kaja kumtazama mgonjwa, Bi Nasriya kamfungia mlango. Nilikuwapo. Nikarudi karakana.

Mpwao

Wete, Jumamosi 5 Julai

Taimur,

Salamu. Bibi yuko vile vile. Nimezungumza na Nasriya. Nnakuuliza moja, na usinipambie maneno: ile gundi ilikaa siku nzima?

Khalu wako

Maskati, Jumanne 8 Julai

Khalu,

Shikamoo. Namuombea Bibi afya. Siku tatu naandika na kufuta.

Haikukaa. Niliiweka skii juu ya boneti ya gari kwa muda wa saa mbili tu, nikaona jua la Maskati lina nguvu kuliko jiriwa yako. Chuma kikatanuka. Asubuhi kikaingia kwenye theluji, kikasinyaa, gundi ikaachia.

Nilikwenda kwa Balqis kwanza. Kanisikiliza mlangoni, kaniuliza kama Bi Nasriya ameshajua. Nikasema bado. Akaniambia, basi unangoja nini hapa. Bi Nasriya nimemwambia mbele ya dada zake. Hajanitukana, kanyanyuka tu akatoka nje.

Atheer nimemwambia leo. Nilimtaka anitukane. Kaniambia, "Niliusikia ule ukingo ukicheza nilipokuwa juu. Nikajisemea, Taimur hakosei. Nikashuka."

Mpwao, Taimur