Tawi la Mugumo

Jumatatu, 24 Machi

Chai, madaftari, matope. Leo nimefundisha Kidato cha Tatu habari za meli ya Mayflower. Jina ni la ua la mti wa miiba wa Uingereza. Waingereza wenyewe waliamini ukiliingiza nyumbani, umekaribisha kifo. Darasa limecheka, nami nimecheka. "Na bado ilifika salama," nikawaambia.

Nyumbani nimekuta upepo umeangusha tawi la mugumo, mti mtakatifu wa wazee, kando ya majani chai. Kavu kabisa, na kuni zetu zote zimelowa. Nimelipasua, nikapanga jikoni. Mama mkwe ameshika kichwa. "Wawira! Mugumo hauchomwi! Ukianguka unaachwa uozee hapo hapo!" Ngai, mambo ya kale. Nimemjibu sisi tumeokoka.

Jumanne, 25 Machi

Mama mkwe, Cucu kama watoto wanavyomwita, amekataa chakula changu kwa kuwa nimekipika kwa kuni za mugumo. Hata uji! Amepanga mafiga nyuma ya zizi, anapika akijifunika gunia, mvua inampiga. Majirani wanaona. Nimekasirika sana. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Njeru, mume wangu, anasema nimwache mama yake, atachoka.

Alhamisi, 27 Machi

Hajachoka. Anakohoa. Ningeweza kuzitoa hizo kuni, jambo likaisha. Sitaki. Nishindwe na mti?

Jumamosi, 29 Machi

Nimesoma zaidi kuhusu ile meli. Kufika walifika. Lakini karibu nusu yao walikufa katika baridi ya kwanza. Sikuwaambia wanafunzi. Nimesoma tena. Kikohozi kinasikika kutoka zizini.

Jumapili, 30 Machi

Tumemkuta ameanguka kando ya mafiga, gunia limelowa chepechepe. Nimonia. Amelazwa Embu, anapumua kwa oksijeni. Njeru hanisemeshi. Mugumo, au mimi? Mkaidi alikuwa nani? Naogopa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudisha kuni zote chini ya mugumo, hata vijinga vilivyoungua nusu. Jikoni nimefagia majivu. Nimepika uji wa wimbi nje, kwenye mafiga yake, nikilowa.

Wodini wamemtoa oksijeni. Ametazama kikombe, akanitazama mimi.

"Kuni gani?"

"Za mukima, mama. Si za mugumo."

Amefungua mdomo. Nimemlisha polepole, mpaka kikombe kikaisha.