Dada Yako Alivyomsindikiza Mtangazaji

Temeke, Jumatatu

Baba, shikamoo.

Redio imeshakuambia kwamba yule mtangazaji wetu wa mpira amefariki. Haikukuambia kwamba alikuwa Mzaramo wa hapa hapa Temeke, nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi. Watu walijaa hadi barabarani, wengi hawajawahi hata kumwona uso, wanaililia sauti tu. Wakubwa nao walikuja na suti zao, kimya kama wako kwenye mtihani.

Jeneza linatoka, na dada yako huyo mlangoni! Kavaa koti na kofia ya marehemu, kashika mwiko mbele ya mdomo kama maikrofoni, anatangaza: "Anatoka Mzaramo, kabebwa juu juu! Miaka yote anawasema wachezaji wavivu, leo mwenyewe hataki kutembea!"

Ofisa mmoja akafoka, "Mtoeni huyu mama!"

Mjane akainua uso. "Mwacheni. Huyo Mnyamwezi, mtani wetu. Asipotutania yeye, mume wangu atazikwa kama mgeni." Akacheka huku machozi yanamtoka, na barabara nzima ikacheka naye, hadi wenye suti.

Mie nilimwambia kila aliyesimama karibu kwamba yule ni shangazi yangu, tumbo moja na baba.

Mungu akuponye huo mguu uliokuzuia kuja. Najua Jumapili mpira ukianza utaweka redio sikioni na utamkosa mtangazaji wetu. Usihuzunike sana, Baba. Alipotangaza mara ya mwisho mie nilikuwepo, na sauti aliazima kwa dada yako.

Mwanao,
Hamisi