Msomaji Hapondi Mawe

Mwakitolyo, Jumapili

Dada Martina,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imegoma na tunakula vumbi, ila mjukuu wetu ameota meno mawili, sasa anamng'ata mama yake, Doto wangu.

Kile kitabu cha usichana wetu ulichotuma kilifika. Nilidhani Doto atakicheka, watoto wa siku hizi na simu zao! Kumbe alikibeba hadi kazini, tunakoponda mawe ya dhahabu. Siku ya kwanza alitusomea kidogo wakati wa uji. Kesho yake wenzetu wakamnyang'anya nyundo: yeye asome, fungu lake la mawe tutamponderea sisi. Binti wa kitabuni alipofukuzwa kwao, Mama Mabula alimtukana yule baba kwa Kisukuma hadi wanaume wakatoka duarani, kule shimoni wanakochimba, kuuliza kuna msiba gani.

Tatizo ni kwamba kurasa za mwisho zimechanika. Tukamwambia Doto atumalizie mwenyewe. Akamtazama mwanawe mgongoni kwangu, akasema binti alirudi shule. Tangu ule ujauzito umtoe darasani, neno shule sikuwa nimelisikia tena kinywani mwake.

Juzi tulikwenda kwa mwalimu mkuu. Amekubali, Januari anaanza. Mtoto nitabaki naye mimi.

Dada, mwisho wa kweli unaukumbuka, nami naukumbuka. Tulilia mpaka mama akatuuliza nani kafa. Ukija Krismasi, Doto akikuuliza, sema umesahau.

Mdogo wako asiye na subira,
Zipora