Karatasi Niliyotia Kwenye Sanduku la Afande

Jumamosi, Pajulu. Mvua ya asubuhi imekatika, nguo bado mbichi kwenye kamba, na mimi roho haijatulia.

Niseme kabla sijabadili nia: mimi ndiye niliyemshtaki mume wangu.

Baba Adiru ni fundi wa spika. Anazitengeneza, anazikodisha, harusi na matanga yote ya upande huu yanamjua. Shida ni kuzijaribu. Saa kumi na mbili asubuhi, chai haijachemka, anafungulia rumba moja, ileile, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Miaka minane jamani! Halafu anasimama uani na suruali yake ya kulalia, anatikisa kichwa, anacheka peke yake. Wewe ungeweza kumwambia mtu kama huyo anyamaze? Mimi nilishindwa.

Ndipo polisi wa mtaa wetu, Afande Stella, alipoweka sanduku kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Vijana wanavuta bangi kisimani? Walevi wanatukana wapita njia? Andika, tia sandukuni, jina si lazima. Nikaandika: "Iko spika inasumbua watu asubuhi." Nikatia, nikaondoka mbio kama mwizi wa kuku.

Jumatatu Afande akaja mwenyewe. Akanywa maji, akaongea kwa adabu: muziki usisikike kabla ya saa mbili, la sivyo spika zitalala kituoni. Baba Adiru akawa ndiyo afande, ndiyo afande. Alipoondoka, akanigeukia. "Nani mutu amenichukia hivi?"

Nikaendelea kuchambua mboga. Mungu anisamehe.

Basi akaamua mwenyewe kwamba ni Mama Zainabu, jirani yetu pua na mdomo, kwa sababu mlango wake unatazamana na karakana ya spika. Wiki nzima hakumsalimia. Juzi mama wa watu alituletea mandazi ya moto kama kawaida yake, na mume wangu akayarudisha na sahani yake. Kurudisha chakula cha jirani! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Leo asubuhi Mama Zainabu alinikuta kwenye bomba. "Dada, mimi nilikosea bwana yako nini?" Sikuweza tena, nikamwambia yote.

Akanitazama. Akaweka jerikeni chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Wallahi, hata mimi niliandika! Karatasi mbili!"

Tukacheka sote wawili, watu wa foleni wakatushangaa. Lakini njiani kurudi nilikuwa na uzito uleule. Yeye ni jirani, ana haki ya kulalamika. Mimi nalala na huyu mtu kitanda kimoja, na badala ya kumwambia yeye nilikimbilia sanduku la afande.

Mchana nikampakulia, nikakaa mbele yake, nikasema: ni mimi.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka tonge chini, akauliza, "Wewe hupendi?"

"Napenda. Lakini si kwa nguvu ile, Baba Adiru. Watu wamelala."

Akatazama mikono yake.

"Wakati ule kule Koboko, mimi iko kwa duka ya mjomba," akasema. "Wewe ulikuwa unapita mbio, hata salamu hapana. Siku moja nikapiga hii rumba, ukasimama. Sasa mimi nikasema, siku nikiacha kupiga, huyu atapita."

Nililia palepale juu ya sahani. Mimi, mke wake wa miaka minane, mama wa mtoto wake, nipite niende wapi?

Sasa hivi yuko kwa Mama Zainabu anaomba msamaha, nasikia wanavyocheka.

Kesho tunakwenda misa ya pili. Saa mbili kamili nitamwomba aifungulie ile rumba, polepole. Nitaacha vyombo vyangu, nisimame.